Vitanda vya wageni, makazi ya wenyeji: funzo la malazi kutoka Milima ya Alps

UCHAMBUZI

Na Mwandishi Wetu

Kwa miongo mingi, tangazo la kufunguliwa kwa hoteli mpya limepokelewa kama habari njema karibu kila mahali duniani. Wananchi hulitafsiri kwa lugha ya ajira, fedha za kigeni, mapato ya Serikali na soko la mazao ya mkulima. Hata hivyo, katika Milima ya Alps barani Ulaya, ambako biashara ya kulaza wageni ina umri wa zaidi ya miaka 150, mamlaka za umma zimeanza kutoa matangazo ya namna nyingine: idadi ya vitanda isizidi kiwango kilichopo, nyumba za mapumziko zisipite asilimia iliyowekwa, na mpanda mlima asiye na nafasi ya kulala asianze safari.

Matangazo hayo yanatoka katika nchi ambazo uchumi wa vijiji vyao vya milimani unategemea mgeni kwa kiasi kikubwa. Kwa mtazamaji wa mbali, ni jambo la kushangaza kuona muuza duka akipunguza bidhaa yake mwenyewe. Uchambuzi huu unaangalia sababu za hatua hizo, namna zinavyotekelezwa, na maana yake kwa nchi yenye mlima kama Kilimanjaro.

Kutoka malisho hadi hoteli

Milima ya Alps ina urefu wa takriban kilomita 1,200, ikipita katika nchi nane: Ufaransa, Monaco, Italia, Uswisi, Liechtenstein, Ujerumani, Austria na Slovenia. Nchi hizo, pamoja na Umoja wa Ulaya, zinaunganishwa na Mkataba wa Alps uliotiwa saini kwa mara ya kwanza mwaka 1991. Eneo linalohusika na mkataba huo lina wakazi takriban milioni 14.

Kabla ya karne ya 19, mabonde ya juu ya milima hiyo yalikuwa ya wafugaji na wakulima wadogo, na vijana wengi walilazimika kuhama kutafuta kazi. Hoteli ndiyo iliyobadilisha hali hiyo. Simulizi maarufu ya mji wa St. Moritz, nchini Uswisi, inamtaja mwenye hoteli Johannes Badrutt, ambaye mwaka 1864 aliwaahidi wageni wake Waingereza wa majira ya joto kwamba wakirudi wakati wa baridi watapata jua la kutosha, na wasiporidhika yeye atabeba gharama zao. Kutokana na hapo, majira ambayo hoteli zilikuwa zikifungwa yakageuka kuwa msimu wa mavuno.

Vyama vya wapanda milima navyo vilijenga vibanda vya kulala juu kabisa, mbali na barabara. Kibanda cha Margherita, kilichofunguliwa upande wa Italia mwaka 1893 katika mwinuko wa mita 4,554, bado kinapokea wageni hadi leo. Vibanda vya aina hiyo, ambavyo ni mamia kwa mamia katika Alps yote, humpa msafiri kitanda cha pamoja, chakula cha moto na hifadhi dhidi ya dhoruba.

Kitanda baridi na kitanda chenye joto

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mchezo wa kuteleza kwenye theluji ulipogeuka kuwa burudani ya watu wengi, ujenzi uliongezeka kwa kasi. Sehemu kubwa ya majengo hayo haikuwa hoteli. Yalikuwa makazi ya pili, yaani nyumba za watu wanaoishi mijini na kufika mlimani kwa wiki chache tu kwa mwaka. Wataalamu wa utalii katika nchi hizo hutofautisha kati ya "kitanda baridi" na "kitanda chenye joto". Kitanda baridi ni kile kinachokaa kitupu sehemu kubwa ya mwaka. Kitanda chenye joto hulaliwa na mgeni mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo huendelea kumlipa mpishi, mfua nguo, mwokaji mikate na dereva wa basi.

Tofauti hiyo ndogo ya maneno ina uzito mkubwa kisera. Nyumba iliyofungwa madirisha kwa miezi 10 inahitaji barabara, maji, mfumo wa majitaka na zimamoto kama nyumba nyingine yoyote, ila haizalishi ajira ya kudumu. Zaidi ya hayo, mnunuzi kutoka mjini huwa na uwezo wa kutoa bei ambayo mwalimu, muuguzi au mhudumu wa hoteli wa kijiji hicho hawezi kuifikia. Matokeo yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa kijijini hupata kazi katika hoteli ya kijiji chake, lakini hulazimika kupanga chumba katika bonde jingine.

Uswisi ilipeleka suala hilo kwa wananchi. Machi 11, 2012, wapigakura waliridhia kwa kura chache, asilimia 50.6, pendekezo la kuweka ndani ya Katiba kikomo cha asilimia 20 ya makazi ya pili katika kila manispaa. Sheria ya utekelezaji ilianza kutumika Januari 1, 2016. Sheria hiyo inaacha mlango wazi kwa nyumba zinazokodishwa kwa wageni kibiashara, kwa kuwa hivyo ni vitanda vyenye joto. Mikoa ya milimani ililalamika kwamba wapigakura wa mijini wameamua juu ya ardhi isiyo yao, na mafundi ujenzi walihofia kukosa kazi. Mwaka 2024 baadhi ya masharti kuhusu nyumba za zamani yalilegezwa, jambo linaloonesha kwamba mjadala huo haujafungwa.

Ufaransa ilichukua njia ya kuzipa nguvu mamlaka za mitaa. Sheria iliyopitishwa Novemba 2024 inaziruhusu manispaa kupunguza kutoka siku 120 hadi 90 muda ambao mtu anaweza kukodisha kwa watalii nyumba anayoishi, na pia kutenga maeneo ambayo ujenzi mpya utakuwa wa makazi ya kudumu pekee. Mji wa Chamonix, ulio chini ya Mont Blanc, ulikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuyatumia mamlaka hayo.

Kikomo cha idadi

Hatua iliyo wazi zaidi imechukuliwa na South Tyrol, jimbo lenye mamlaka ya ndani kaskazini mwa Italia. Jimbo hilo lina wakazi takriban 530,000, lakini hoteli na nyumba zake za wageni huandikisha zaidi ya usiku milioni 30 wa malazi kwa mwaka. Kwa hesabu nyepesi, kwa kila mkazi mmoja kuna zaidi ya usiku 55 wa mgeni. Mwaka 2022 mamlaka ya jimbo iliamua kwamba jumla ya vitanda vya wageni isizidi kiwango cha mwaka 2019. Kila biashara iliandikishwa na idadi yake, na vitanda vinavyoachwa na biashara inayofungwa hurudi katika hesabu ya umma ili vigawiwe upya.

Upande wa pili wa mpaka, jimbo la Tyrol nchini Austria, lenye wakazi wasiofika 800,000 na malazi yanayokaribia usiku milioni 50 kwa mwaka, nalo limezuia hoteli mpya zenye vitanda zaidi ya 300.

Wenye hoteli wamegawanyika. Wenye biashara zilizokwisha kukua wanaona kikomo kinalinda bei na ubora. Kijana anayetaka kuanza anakiona kama lango lililofungwa baada ya wengine kuingia. Hoja hiyo ya pili ina uzito, kwa sababu kikomo chochote kisipoambatana na utaratibu wa haki wa kugawa nafasi humzawadia aliyetangulia. Ndiyo maana swali la nani anapewa vitanda vilivyorudishwa lina umuhimu sawa na swali la vitanda vingapi viruhusiwe.

Mgeni katika nyumba ya mkulima

Pamoja na vizuizi, South Tyrol imetoa pia mfano wa namna ya kueneza mapato. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, chama cha wakulima cha jimbo hilo kimekuwa kikiendesha chapa ya pamoja ya malazi shambani, yenye zaidi ya mashamba 1,000. Mgeni hulala katika vyumba vichache ndani ya nyumba ya mkulima, hunywa maziwa ya hapo hapo, na familia huendelea kufuga na kulima. Chapa hukagua ubora na kutafuta soko, kazi ambazo mkulima mmoja asingeziweza peke yake.

Mpango huo unasimama juu ya msingi wa sheria ya ardhi. Katika jimbo hilo, shamba lililosajiliwa kama shamba lisilogawanyika humwendea mrithi mmoja, naye huwajibika kuwafidia ndugu zake. Utaratibu huo una ugumu wake kwa ndugu wanaokosa ardhi, lakini umeyafanya mashamba yabaki na ukubwa unaoweza kuitunza familia, na mapato ya wageni yameongeza uwezo huo.

Mlima hausubiri

Sababu nyingine ya kupanga malazi kwa uangalifu ni usalama. Februari 23, 1999, maporomoko ya theluji yalikipiga kijiji cha Galtür nchini Austria na kuua watu 31, wengi wao wakiwa wageni. Baadhi ya nyumba zilizoharibiwa zilikuwa katika maeneo ambayo ramani za wakati huo ziliyahesabu kuwa salama. Austria ilipitia upya ramani zake za hatari, na kijiji kikajengewa ukuta wa kinga wenye urefu wa zaidi ya mita 300.

Mabadiliko ya tabianchi yameongeza hatari hiyo. Barafu za kudumu za Uswisi zilipoteza takriban asilimia 10 ya ujazo wake katika miaka miwili tu, 2022 na 2023. Mei 28, 2025, barafu na mawe viliporomoka na kukifunika sehemu kubwa ya kijiji cha Blatten, pamoja na hoteli zake. Mtu mmoja alipoteza maisha. Wakazi wapatao 300 walikuwa wamehamishwa siku kadhaa kabla, kwa kuwa mamlaka zilikuwa zikiufuatilia mlima na wananchi walitii amri ya kuondoka.

Kwa upande wa Mont Blanc, tangu mwaka 2019 mamlaka za Ufaransa zinamtaka kila anayepanda kwa njia ya kawaida ya Goûter awe na nafasi iliyothibitishwa katika kibanda cha kulala. Kibanda cha Goûter, katika mwinuko wa mita 3,835, kina nafasi 120. Agosti 2022, mawe yalipokuwa yakianguka mfululizo kutokana na joto kali, vibanda viwili vya njia hiyo vilifungwa ili kuwakatisha wapandaji tamaa ya kuendelea. Hapo kitanda kiligeuka kuwa chombo cha kudhibiti idadi ya watu mlimani.

Maana yake kwa Kilimanjaro

Uhusiano wa Alps na Kilimanjaro una historia ndefu. Ludwig Purtscheller, aliyefika kileleni pamoja na Hans Meyer Oktoba 1889, alikuwa mpanda milima wa Austria. Hata utaratibu wa kulala katika vibanda vya njia ya Marangu, kuanzia Mandara hadi Horombo, mita 3,720, na hatimaye Kibo, unafanana na ule wa Alps. Njia nyingine za mlima huo hutegemea mahema.

Kufanana huko hakumaanishi kunakili kila kitu. Tatizo la South Tyrol ni wingi wa vitanda, ilhali Tanzania bado inahitaji malazi zaidi, hasa kwa kuzingatia kuwa ni mwenyeji mwenza, pamoja na Kenya na Uganda, wa fainali za AFCON zilizopangwa mwaka 2027, huku Arusha ikiwa na uwanja mpya. Hata hivyo, kuna mambo matatu yanayofaa kuzingatiwa mapema.

Kwanza ni ardhi. Miteremko ya Kilimanjaro ina watu wengi, na vihamba vimekuwa vikigawanywa kizazi hadi kizazi. Sheria ya Ardhi hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji, na hiyo ni kinga ambayo vijiji vingi vya Alps havikuwa nayo kwa kiwango hicho. Lakini kinga hiyo haizuii familia kuuza kihamba kwa raia mwenye uwezo ambaye atajenga nyumba ya kufikia sikukuu tu. Kitanda baridi hakijali uraia wa mwenye nyumba.

Pili ni mgawanyo wa mapato. Familia za Marangu, Machame na Materuni zenye kahawa, migomba na simulizi za mlima zina kila sababu ya kupokea wageni majumbani. Mfano wa wakulima wa South Tyrol unaonesha kwamba mafanikio yanahitaji ushirika wa soko na ukaguzi wa ubora. Mwananchi anayekusudia kuanza biashara hiyo akumbuke kwamba Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka malazi ya watalii yawe na leseni. Ni vyema aulize masharti kabla ya kuweka tofali la kwanza.

Tatu ni usalama na mazingira: vyanzo vya maji, majitaka na moto. Moto ulioanza Oktoba 2020 eneo la Kifunika ulikumbusha kwamba mlima mzima hutegemea uangalifu wa kila kambi.

Vijiji vya Alps vilianza kuhesabu vitanda baada ya bei za nyumba kuwapita wenyeji, na kurekebisha kosa hilo sasa kunahitaji kura, kesi na fidia. Halmashauri za miteremko ya Kilimanjaro bado zina nafasi ya kuamua wapi pajengwe, nani anufaike na maji yatatoka wapi, wakati uamuzi huo ungali wa gharama ndogo. Nafasi hiyo huanzia katika mkutano mkuu wa kijiji, pale mpango wa matumizi ya ardhi unaposomwa na mwananchi anaponyoosha mkono kuuliza.