Mkuu na Wengi

Mithali mbili hugombana vinywani mwetu. Moja yasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ya pili yasema, wengi wape. Umma unapoyakataa mafundisho ya Kanisa Katoliki juu ya maadili, watu hujigawa nyuma ya mithali hizo: hawa hulaumu ukaidi wa umma, na wale hudai kuwa wingi wa watu umekwisha amua haki. Msomaji, pande zote mbili zimekosa.

Itazame Ireland, nchi iliyotuletea masista wa Loreto mwaka 1921 kuja kufundisha. Mwaka 1983 wapiga kura 67 katika kila 100 waliafiki katiba ilinde uhai wa mtoto aliye tumboni sawa na wa mama yake, kama maaskofu walivyofundisha. Mwaka 2018, wapiga kura 66 katika kila 100 walikifuta kifungu hicho. Ikiwa wingi ndio ukweli, je, ukweli ulihama? Ovu haliwi jema kwa kuhesabiwa kura, wala jema haliwi ovu. Mwenye kudai wengi wapewe na aseme kwanza, ni wengi wa mwaka gani.

Lakini mwenye kuulaumu umma naye asishangilie. Kati ya miaka hiyo elimu ilienea na desturi zilibadilika, ni kweli. Lakini zaidi ya hayo, siri zilifichuka. Mwaka 2009, tume ya Jaji Yvonne Murphy ilitoa taarifa juu ya jimbo kuu la Dublin. Ilionyesha kuwa mapadri kadha walipowanajisi watoto, wakuu wao walitanguliza siri, sifa na mali ya Kanisa, na usalama wa watoto wakauweka nyuma. Waliohubiri heshima ya uhai mchanga hawakuulinda ulipokuwa mikononi mwao! Nani atashangaa watu wakiziba masikio? Papa Benedict wa 16 aliwaandikia Wakatoliki wa nchi hiyo barua ya majuto mwaka 2010. Lakini imani iliyovunjika haiungwi kwa barua.

Basi, fundisho lipime kwa hoja, na mfundishaji umpime kwa mwenendo. Usikubali kimoja kisimame mahali pa kingine. Nawe utakapokuwa mkuu, wa nyumba au wa taifa, kumbuka: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mkuu asiyetenda asemalo amekwisha vunja lake, wala hana haki ya kuwacheka wachechemeao.