Tununue Buji Gani?

Soma kwanza: Luka 16:10, Mezali 11:1, Yakobo 5:4



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumuza juu ya ndoa, malezi ya watoto na feza ya nyumba. Mwezi huu tuzungumuze juu ya buji za motoka. Wengine watacheka na kusema: "Pasta amegeuka mekanisie!" Wacheke tu. Katika miji yetu ya migodi, tangu Likasi mupaka Kolwezi, taksi ni shamba la jamaa nyingi. Ikilala siku tatu, hakuna versement, hakuna unga, na mutoto anarudishwa nyumbani sababu ya feza ya masomo. Na mara nyingi inalala juu ya kintu kidogo kisichopita kidole.

Kijana mumoja, shofere wa taksi, ameuliza hivi. Kwenye soko ya mapiesi wanamuonyesha buji za aina tatu: za kawaida, za platini na za iridiumu. Bei zao hazikaribiane hata kidogo. Mwenye motoka amemupa feza na kumwambia: "Tafuta zile za muzuri." Na rafiki zake wa parking wanamwambia: "Nunua za bei ya chini, feza ingine weka mu mufuko. Patron hataona." Basi kuna maulizo mawili hapa, la moteri na la moyo. Tujibu yote mawili.

Kwanza, fahamu kazi yake. Buji ya cheche ni ya moteri ya esansi. Moteri ya mazuti inawasha mafuta kwa hewa iliyofinywa sana. Zile buji zake ni za kupasha moto tu wakati wa kudemare. Kwa hiyo, kama Land Cruiser yako ni ya mazuti, shauri hili si lako. Katika moteri ya esansi, umeme wa volti maelfu mengi unaruka nafasi ndogo ya karibu milimetre moja kwenye mudomo wa buji, na cheche ile inawasha esansi. Njia hii si ya jana: fundi Gottlob Honold wa kampuni ya Bosch, kule Ujeremani, aliitengeneza muzuri kwa motoka katika mwaka wa 1902. Hesabu mwenyewe: moteri ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silindre inahitaji cheche 1,500, ndiyo 25 kwa kila sekonde moja. Mutumishi gani anafanya kazi namna hii bila kupumuzika?

Sasa aina zake. Buji ya kawaida wengi wanaiita "buji ya shaba". Sisi watu wa inchi ya shaba tunapenda jina hilo, lakini tujue maana yake. Shaba iko ndani, katika kiini, sababu inapitisha moto na umeme upesi. Mudomo wenyewe, pale cheche inaporuka, ni wa nikeli. Nikeli inayeyuka kwenye digri 1,455, na cheche inaila polepole. Buji ya namna hii inafanya kilometre 20,000 mupaka 30,000 hivi, kisha nafasi inapanuka na moteri inaanza kukohoa. Platini inayeyuka kwenye digri 1,768, na iridiumu kwenye digri 2,446. Kwa sababu ya ugumu huo, mudomo wa iridiumu unaweza kuwa mwembamba kama sindano, na buji za platini na za iridiumu zinaweza kwenda kilometre 60,000, hata kufika 100,000, kama moteri iko na afya.

Je, iridiumu inaongeza nguvu ya motoka? Usidanganywe. Moteri iliyochoka haipate ujana kwa sababu ya buji. Kama segima zimekwisha na mafuta yanapanda juu, buji ya bei kubwa itachafuka sawa na ya bei ndogo.

Jambo la pili, namba. Kila buji inatupa moto wake kwenye kulasi, ingine upesi, ingine polepole. Inayotupa upesi tunaiita ya baridi. Inayotupa polepole, ya moto. Mudomo unapaswa kukaa kati ya digri 450 na 850 hivi. Chini ya pale masizi hayaungue na buji inajaa weusi. Juu ya pale esansi inajiwasha mbele ya saa yake, na pistoni inaweza kutoboka. Tena angalia: kwa NGK na Denso, namba ikipanda buji ni ya baridi zaidi, kwa Bosch na Champion, namba ikipanda ni ya moto zaidi. Hivi BP6ES ya NGK, W20EP-U ya Denso, W7DC ya Bosch na N9YC ya Champion zinakaribiana, ingawa 6, 20, 7 na 9 si namba moja. Mutu asiseme: "Nimepata ya namba kubwa, basi ni muzuri zaidi."

Jambo la tatu, urefu wa sehemu ya vise. Buji fupi katika kulasi ya buji ndefu inaacha vise za chini wazi, zinajaa masizi. Buji ndefu katika kulasi ya buji fupi inaweza kugongana na pistoni. Usikubali neno la muuzaji "itaingia tu". Peleka buji ya zamani mukononi, soma alama zake, na zaidi soma kitabu cha motoka. Waliotengeneza moteri wameandika aina inayofaa.

Basi, kwa ndugu yetu wa taksi, jibu ni hili. Kama moteri yake ilitengenezwa kwa buji za kawaida, aweke za kawaida za kweli na azibadilishe kwa wakati. Kama kitabu kinataka iridiumu, aweke iridiumu. Asirudi nyuma kwa kusudi la kupunguza bei. Afanye na hesabu. Taksi ikitembea kilometre 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni kilometre 3,900. Buji za kawaida zitamaliza miezi mitano mupaka saba. Za iridiumu, moteri ikiwa na afya, zinaweza kupita miaka miwili. Agawanye bei kwa miezi, ndipo atajua ghali ni gani. Lakini hesabu hiyo ni ya buji za kweli. Iridiumu ya uongo ni mbaya kuliko ya kawaida ya kweli. Angalia kama maandishi yanafutika kwa kidole, kama mudomo hauko katikati, kama rondela inaanguka yenyewe, kama bei inashangaza. Hakuna alama moja inayotosha peke yake. Nunua kwa mutu anayetoa fakture na ambaye utamukuta tena kesho.

Wakati wa kubadilisha, acha moteri ipoe. Puliza kwanza vumbi yote kuzunguka buji, sababu vumbi yetu nyekundu ikianguka ndani ya silindre inakula kama musasa. Funga kwa mukono mupaka iguse, ndipo kle: kwa buji mupya nyingi zenye rondela, nusu ya muzunguko inatosha, au kupita kidogo. Vise za kulasi ya aluminiumu zikiharibika, utalia. Mudomo wa iridiumu usiukwaruze kwa brosi ya chuma.

Na ile ya zamani usiitupe mbele ya kuisoma. Rangi ya kahawia nyepesi: moteri iko muzuri. Weusi mukavu: esansi inazidi hewa, kwa barabara zetu angalia kwanza filtre ya hewa iliyojaa vumbi. Weusi wenye mafuta: segima au valve. Nyeupe yenye kuungua: moto umezidi. Buji inashuhudia mambo ya ndani ambayo rangi ya nje ya motoka inaficha. Sisi nasi tutoe buji za maisha yetu, tuzisome.

Sasa ulizo la moyo. "Patron hataona." Ni kweli, buji imejificha chini ya kapo. Lakini Luka 16:10 inatufundisha kwamba uaminifu unapimwa kwanza katika mambo madogo, na Mezali 11:1 inatuonyesha namna Mungu anavyochukia mizani ya uongo. Fakture ya uongo ni mizani ya uongo. Mekanisie anayesugua buji za zamani kwa musasa na kuziuza kama mupya, naye yumo. Kijana wangu, ufanye hivi: urudishie patron fakture, feza iliyobaki na buji zile nne za zamani. Rafiki watakucheka. Lakini siku patron anatafuta mutu wa kumwachia motoka ya pili, hataenda kutafuta parking yote.

Na ninyi wenye motoka, musikie vilevile. Mutu anayedai versement kila jioni, na hatoi hata franka moja ya vidanje wala ya buji, anamusukuma shofere wake kwenye wizi. Yakobo 5:4 inasema juu ya kilio cha watumishi waliodhulumiwa malipo yao. Muwekane mapatano wazi: kila mwezi, feza fulani ni ya motoka. Iandikwe, wote wawili watie sinyatire.

Maulizo ya kuzungumuza nyumbani:

1. Katika nyumba yetu, ni kintu gani kidogo tunachokiacha mupaka kiharibu kikubwa?
2. Mutoto wetu akitumwa sokoni, anarudisha chenji yote? Alijifunza kwa nani?
3. Wanaotutumikia, tunawapa vyombo na feza ya kufanya kazi muzuri?

Bwana awabariki, na awalinde katika barabara zote.