Kanisa la Kesho, na Sisi Tuulizwe

Mwaka huu kanisani kwetu mikutano imekuwa mingi kuliko harusi. Wazee wa kanisa wanataka kupanga miaka kumi ijayo. Basi siku moja baada ya ibada karatasi kubwa zilibandikwa ukutani, kila kikundi kikaambiwa kiandike kinachotamani. Akina mama waliandika jiko na viti. Akina baba wakaandika paa jipya na ukuta wa mawe. Sisi vijana tulipewa karatasi ya mwisho, tena ndogo, wakati watu walikuwa washaanza kuulizia chai. Tuliandika: ngoma, kayamba, maigizo. Karatasi yetu haikusomwa.

Naam, hapa nitaisoma mimi.

Mzee mmoja alituambia kwamba ngoma ni mambo ya giza, eti tukiziingiza kanisani tutarudi tulikotoka. Mzee huyu namheshimu sana, maana ndiye aliyenifunza katekisimu. Lakini, babu yangu, kinanda nacho kilitoka wapi? Zamani za Warumi kinanda cha mabomba kilipigwa viwanjani watu wakipigana kwa mapanga hadi kufa! Baadaye kikaoshwa, kikaingizwa kanisani, na leo tunakiona kitakatifu. Ngoma yetu haijaua mtu. Tena asome Zaburi ya 150, aone kama dansi haimo.

Wala si sisi wa kwanza kusema haya. Mwaka wa 1988 Roma ilikubali misa ya Kikatoliki ya Zaire, nchi ambayo leo ni Kongo, na katika misa hiyo watu hucheza na mababu wema hutajwa. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Francis aliiongoza huko huko Vatikani. Hapa kwetu Kenya, Waanglikana walitoa ibada yao ya Meza ya Bwana mwaka wa 1989. Mwishoni, waumini hunyoosha mikono kuelekea msalabani kana kwamba wanafagia shida zao zote na kuzitupa huko. Ishara hiyo ilitokana na desturi ya Waturkana. Ibada hiyo ilitumiwa kufungua mkutano wa maaskofu wa Lambeth, Uingereza, mwaka wa 1998. Maaskofu wa dunia nzima walifagia kama Waturkana, nasi tunaona haya kupiga makofi!

Hata hivyo, wenzangu, nasi tuna makosa. Wengine wetu tunataka spika kubwa na gitaa la umeme kwa sababu tumeyaona kwenye runinga ya makanisa ya mjini. Hiyo si ubunifu, ni kuiga tu, na pesa zenyewe hatuna. Kayamba ni matete na mbegu, bwana. Tena nyanya yangu huimba tenzi zake macho yakiwa yamefumba, bila kitabu, na sitaki mtu amnyang'anye hata moja. Nafasi ipo ya wote wawili.

Nitawaambia kilichonifanya niandike. Krismasi iliyopita tuliruhusiwa kuigiza hadithi ya mwana mpotevu. Tulimfanya makanga wa matatu, aliyeuza ng'ombe wa babake akatorokea mjini. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini alipofika pale mlangoni amevaa viatu viwili visivyofanana, akashindwa kubisha hodi, kanisa lilinyamaza ji. Baba mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, ambaye mwanawe hajaonekana nyumbani miaka mitatu, aliinuka akatoka nje. Tulidhani tumemkasirisha. Tulipomaliza tulimkuta amesimama kando ya tangi la maji, na akatuomba tumwandikie barua, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri. Mimi ndiye niliyeishika kalamu.

Jamani, ni mahubiri mangapi yamewahi kumfikisha pale?

Mkutano mwingine ni Agosti. Karatasi tumeiandika upya kwa wino mwekundu, na tumekubaliana tufike asubuhi mapema tuibandike kabla ya ile ya paa.