MSHAURI WA KOMINE, NJOO CIMPUNDA UTUELEZE

Ndugu wananchi wa Cimpunda, na ninyi ndugu zetu wa Nyamugo, Kasali, Mosala, Nkafu na Kadutu yote, leo gazeti lenu lataka kusema na watu wa aina moja tu: washauri wa komine. Hatusemi na Rais, wala na wabunge walioko Kinshasa. Hao wana redio zao na watu wa kuwaandikia. Twasema na mshauri, yule ambaye kazi yake inaanzia mlangoni mwa mwananchi na kuishia penye mtaro wa maji machafu.

Tarehe 20 Desemba 2023 mwananchi wa Bukavu aliposimama mbele ya mashine ya kura alichagua mara nne: Rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo, na mshauri wa komine. Kura hiyo ya nne ndiyo iliyokuwa mpya. Tangu Katiba ya 2006 ilipoanza, haikuwa imepigwa hata siku moja, na hata mwaka ule ilipigwa katika komine za miji mikuu ya majimbo tu. Ndugu zetu wa vijijini, kule Kabare na Walungu, hawakuipata. Sisi tulipewa kitu ambacho wenzetu walinyimwa. Je, tumekitumia kwa namna gani? Ukiuliza watu kumi katika avenyu yako jina la mbunge, tisa watakujibu. Uliza jina la mshauri wa komine, utaona wanatazamana.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1957 Wabelgiji waliwaruhusu watu wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville kuchagua washauri wa komine, na mwezi wa Desemba 1958 zamu ikafika kwa miji mingine, Bukavu ikiwa mmojawapo. Lakini mkoloni alijua kupunja. Waliopiga kura walikuwa wanaume tu, tena wenye miaka 25 na zaidi, na juu ya mabugumestri wote alikaa Bugumestri wa Kwanza, Mzungu aliyewekwa na serikali yake. Mama aliyepanda mlima wa Kadutu na mzigo wa maji mgongoni, kamba imemkaza paji la uso, hakuwa na kura, ingawa yeye ndiye aliyejua kuliko wote bomba lipi lina maji na lipi ni chuma kikavu.

Hata hivyo watu wa siku zile walikitumia kiti kile kidogo. Joseph Kasa-Vubu alipokuwa bugumestri wa komine ya Dendale, mwezi wa Aprili 1958, alisimama mbele ya Wabelgiji akadai uchaguzi wa nchi nzima na watu wajitawale. Hakungoja apewe kiti kikubwa kwanza.

Sasa watu wengine husema, mshauri wa nini, kwani kartie si ina chefu wake? Hapa yapasa tueleze vizuri, maana wengi hawajaelezwa. Kwa Katiba na kwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, komine ni mamlaka kamili yenye baraza lake na bajeti yake. Kartie siyo. Cimpunda, pamoja na wingi wote wa watu wake, haina baraza lake mbele ya sheria. Ina chefu ambaye amewekwa na serikali, na mtu aliyewekwa hupeleka habari kwa yule aliyemweka. Hatumlaumu, ndiyo kazi yake. Lakini mshauri amewekwa na nani? Na sisi. Basi habari zake zatupasa sisi.

Tena twataka habari za kweli. Wako viongozi, na si hapa kwetu tu, ambao habari zao kwa wananchi ni picha: leo kiongozi yuko msibani, kesho yuko harusini, keshokutwa ameshika koleo siku ya salongo, shati jeupe, viatu havina hata tone la matope. Hizo ni salamu. Hatuzikatai salamu, sisi ni watu wenye adabu. Lakini salamu hazijazi bidoni.

Tuanze na maji. Mshauri atasema, na atasema kweli, kwamba Regideso si mali ya komine. Maji ya mji huu yanatoka Murhundu, huko Kabare, na mipira yake inasimamiwa na kampuni ya serikali ambayo mshauri hawezi kuiamuru. Vema. Lakini hatukumwomba aiamuru. Twamwomba afanye kile ambacho mtu mmoja mmoja hawezi kukifanya: apite avenyu baada ya avenyu, aandike wapi bomba limekauka na tangu mwezi gani, bidoni moja inauzwa bei gani, mtoto wa shule anaamka saa ngapi kwenda kuteka. Karatasi hiyo aipeleke Regideso kwa jina la komine. Halafu jibu likija aje alisome mbele ya watu. Jibu lisipokuja, aje pia, aseme: nimeandika, sikujibiwa. Hiyo nayo ni habari, na tena ni habari kubwa.

Sasa moto. Hapa ndipo roho inapouma.

Kila mtu wa Cimpunda ajua nyumba zetu zilivyo. Mbao kwa mbao, bati kwa bati, ukikohoa jirani anakwambia pole. Watu hawakuamua kujenga hivyo kwa kupenda. Mji huu Wabelgiji waliupanga kwa ajili yao wenyewe huko chini karibu na ziwa, na Mwafrika wakampimia sehemu yake Kadutu na Bagira. Kisha vikaja vita, 1996, 1998, na Juni 2004 wakati Bukavu ilipotekwa, na kila mara watu wa vijijini wakakimbilia mjini wakiwa na nguo walizovaa. Walipanda milimani, wakagawiwa kipande cha paseli, na kipande kikakatwa vipande tena. Njia ya watu wawili ikawa ya mmoja. Ya mmoja ikawa ya kupita ubavu.

Katika nyumba hizo mama anapika kwa mbabula na makala, mtoto anasoma kwa mshumaa kwa sababu kurant imekatwa, na kurant ikirudi inapita katika nyaya zilizofungwa ovyo kama kamba za kuanikia nguo. Moto ukianza katika nyumba moja, nyumba ya pili haina nafasi ya kusubiri. Watu hukimbilia ndoo, na ndoo hazina maji, kwa sababu ile ile tuliyoitaja hapo juu. Hata kama gari la kuzima moto lingekuwa tayari usiku na mchana, lingepita wapi? Magurudumu hayapandi ngazi za udongo.

Kwa hiyo twasema kwamba ugonjwa wa moto wa Cimpunda ni ugonjwa wa njia. Na njia ni kazi ya komine. Barabara ndogo, mitaro, masoko na usafi, hayo yote sheria imeyaweka mikononi mwa komine. Mshauri hawezi kuleta gari la zimamoto kutoka mfukoni mwake, lakini anaweza kusimama barazani na kuuliza: njia iliyokuwa hapa imekwenda wapi? Nani alitoa karatasi ya kujenga juu yake? Fedha ya karatasi hiyo imeandikwa katika kitabu gani? Twajua maswali haya yatawaudhi watu fulani. Njia haifi yenyewe. Iko siku iliuzwa, na mwenye kuuza alipokea. Mshauri asiyetaka kuuliza maswali hayo, hata akija kuhani nyumba zilizoungua na gunia la unga, amechelewa. Ipo haja ya kuchagua tangu sasa njia chache za kukimbilia, zipimwe, zipigwe rangi, na yeyote atakayezijenga avunjiwe bila kuuliza yeye ni mtoto wa nani.

Tena iko habari ya taka, ambayo watu huiona kuwa jambo dogo. Mvua ikinyesha Kadutu, taka zote za mabondeni huteremka. Zinaingia katika mto Kahuwa na mitaro mingine, zinafika Ziwa Kivu, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Ruzizi. Kwenye Ruzizi, hapa hapa Bukavu, ndipo lilipo bwawa la Ruzizi I, lililojengwa katika miaka ya 1950. Chupa za plastiki na mifuko husafiri mpaka hapo, zikaziba, mashine zikasimama, mafundi wakaingia na mitumbwi kuzoa takataka kama wavuvi wasio na samaki. Ndipo kurant inakatika, nasi gizani twaitukana SNEL. SNEL ina makosa yake mengi, hatutaitetea hapa. Lakini chupa ile ilitoka bondeni kwetu. Hapa mwananchi naye asikae nyuma ya mshauri na kunyoosha kidole. Ila aulizwe pia mshauri: mwananchi wa Cimpunda atupe taka wapi? Akionyeshwa mahali, na gari au mkokoteni ukawa unapita kwa siku inayojulikana, hapo ndipo tutakuwa na haki ya kumtoza faini atupaye bondeni. Kumtoza mtu faini kwa sababu hakutumia pipa ambalo halipo, huo ni unyampara wa zamani umevaa kofia mpya.

Watasema: fedha hakuna. Na tuongee habari ya fedha basi. Kifungu cha 175 cha Katiba chasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, tena yakatwe pale pale yanapopatikana, yasiende Kinshasa kwanza. Sheria za fedha zikaongeza kwamba katika fungu hilo la jimbo, asilimia 40 ziende kwa miji, komine, sekta na chiferi. Fanya hesabu, ndugu. Katika kila faranga 100 za namna hiyo, faranga 16 zingefika huku chini. Hazijafika kama ilivyoandikwa, nchi nzima yajua, na kosa hilo si la mshauri wa Kadutu. Lakini je, zile zinazopatikana hapa hapa? Mama auzaye sombe au sambaza katika soko la Kadutu hulipa kodi yake hata siku ambayo hajauza kitu. Huyo hajasema kwamba fedha hakuna. Twataka kujua soko limeingiza kiasi gani kwa mwezi na kimefanya nini. Bajeti ya komine hupitishwa na baraza. Mshauri anayo haki ya kuiona, basi aje nayo tuione sote.

Wako watakaotwambia: nyamazeni, hizi si siku za kuuliza mitaro. Twaelewa. Mwezi wa Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu, watu wakapora, mabenki yakafunga milango, na wengi waliokuwa na vyeo wakaondoka. Mwananchi alijifunza tena kwamba mwenye bunduki ana haraka. Hata hivyo mvua haikungoja vita iishe ndipo ibomoe ukingo, wala mbabula haiulizi ofisi imekaliwa na nani. Na jambo moja lisisahaulike: kura ya tarehe 20 Desemba 2023 haikupigwa na askari, ilipigwa na sisi. Aliyeipokea ana deni, awe anakaa ofisini, awe amefukuzwa ofisini, awe anaandika barua kwenye meza ya jikoni kwake. Hata asiye na ofisi anaweza kutembea avenyu na daftari.

Ndugu zetu wa Tanzania wana desturi ambayo yafaa tuiige. Kijijini kwao mkutano mkuu wa wananchi huitishwa kila miezi mitatu, na viongozi husoma mapato na matumizi mbele ya watu. Husemwa kwamba mara nyingine mikutano hiyo hupooza, mwenyekiti anasoma haraka na wazee wanasinzia. Sawa. Lakini mzee aliyesinzia aweza kuamka akauliza. Sisi hatuna hata mahali pa kusinzia.

Basi twapendekeza hivi. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, salongo ikiisha, watu wakiwa bado na majembe mikononi, mshauri asimame mahali pa wazi Cimpunda kwa muda wa saa moja. Asilete muziki wala fulana. Aseme maji yako wapi, njia zipi zimepimwa, taka zimezolewa mara ngapi, soko limeleta nini, barua zipi zimejibiwa na zipi hazijajibiwa. Atumie Kiswahili, na Mashi kwa wazee wanaohitaji. Kifaransa akiache ofisini. Akina mama waulize kwanza, kwa sababu wao ndio wenye maji na moto mikononi kila siku.

Gazeti hili litaandika yote yatakayosemwa, ya sifa na ya lawama. Na ninyi wa avenyu za juu, ambako habari hufika kwa kuchelewa, tuleteeni barua: bomba limekauka tangu lini, ukingo umepasuka wapi, njia ipi imezibwa. Andikeni jina la avenyu, si lazima jina la mtu. Barua zitakazofika kabla ya Jumamosi hiyo tutamkabidhi mshauri mkononi, mbele yenu, naye atatia sahihi kwamba amezipokea.