Tumuache Mama wa Samaki Apite



Tunaomba nafasi kidogo katika ukurasa huu wa maoni ili tuseme juu ya jambo moja ambalo limetugawanya vikundi viwili huko interna tangu wiki tatu. Jambo lenyewe ni samaki. Msicheke kwanza. Someni mpaka mwisho, kisha mtacheka mkipenda.

Ilianza hivi. Katika somo la biolojia, prof alitufundisha juu ya samaki wa mito ya Marekani, upande wa magharibi: samoni, na ndugu yake trauti anayeitwa stilihedi, maana yake "kichwa cha chuma". Alituambia kwamba kule mtu anaweza kusimama ndani ya maji baridi tangu asubuhi mpaka jioni, maji yanamfika kiunoni, anatupa ndoana mara mia, mara elfu. Na siku anapomkamata stilihedi mmoja mzuri, anamtazama mgongo, anamtoa ndoana mdomoni polepole, na anamrudisha mtoni. Kalasi yote ilicheka. Mwenzetu mmoja akasema kwa sauti: "Bale bantu banacheza na chakula! Mutu mwenye njaa hawezi kurudisha samaki mu mayi!" Tangu siku ile mabishano hayajaisha, hata kwenye meza ya maharagwe.

Sisi tunaoandika haya tulicheka pia. Lakini tulimwomba prof atueleze zaidi, na sasa hatucheki tena. Juu ya nini? Tutawaambia.

Samoni anazaliwa ndani ya mto, pengine mbali sana na bahari, fasi yenye maji safi na baridi yanayopita juu ya changarawe. Mama anachimba shimo kwa mkia wake, anatia mayai maelfu, dume anayatia mbegu, kisha mama anayafunika kwa mawe madogo. Watoto wakipata nguvu wanashuka na mto mpaka baharini. Kule wanakula na kunenepa, wengine mwaka mmoja, wengine miwili, wengine mine. Halafu siku moja wanarudi. Na hawarudi katika mto wowote: wengi wao wanarudi paka mule mule walimozaliwa. Wataalamu wamegundua kwamba samoni anapokaribia anatambua mto wa kwao kwa harufu ya maji. Akiisha kuingia mtoni hali tena chakula, anaishi kwa mafuta ya mwili wake. Anapigana na maji, anaruka maporomoko, ngozi inachubuka. Akiisha kuzaa, samoni wa bahari ile ya Pasifiki anakufa, na mzoga wake unalisha dubu, ndege, wadudu wa mtoni, hata na miti ya kandokando. Stilihedi ni tofauti kidogo. Yeye ni jamii moja kabisa na ile trauti ya upinde wa mvua, ila yeye ameshuka baharini. Akiisha kuzaa anaweza kuokoka, akashuka tena, na akarudi mara ya pili.

Fikirini basi, ndugu. Samaki anayepanda mto wakati ule si mboga ya jioni tu. Ni mama anayebeba kijiji kizima tumboni. Ukimfungia njia, umewaua wengi ambao hujawaona.

Sasa habari ya mtu yule aliyerudisha samaki. Hakuwa mjinga. Kule watu wanafuga watoto wa samoni na stilihedi katika mabwawa, kisha wanawaachia mtoni. Kabla ya kuwaachia wanawakata pezi dogo la mafuta lililo mgongoni karibu na mkia. Mvuvi akimkamata samaki, anatazama pezi lile. Likiwa limekatwa, ni samaki wa bwawa, anaweza kumpeleka nyumbani, lakini asipite hesabu aliyoruhusiwa kwa siku. Likiwa zima, ni samaki aliyezaliwa mtoni mwenyewe, na fasi nyingi sheria inasema arudishwe ili akazae. Kwa hiyo yule mtu hakucheza na chakula. Alikuwa anahesabu chakula cha mwaka kesho.

Lakini tusiwasifu watu wa kule kupita kiasi. Walijifunza adabu hii wakiwa wamechelewa. Tuchukue mto Columbia. Inakadiriwa kwamba zamani samoni na stilihedi waliopanda mto ule walikuwa milioni 10 hadi 16 kila mwaka. Mwaka 1866 kiwanda cha kwanza cha kutia samoni ndani ya mikebe kilifunguliwa kwenye mto ule, na baadaye vingine vingi vikafuata. Watu waliweka magurudumu makubwa yaliyozungushwa na maji yenyewe, yakichota samaki mchana na usiku bila kuchoka. Kisha zikaja baraji, ndizo kuta zile za kuzuia mto ili kupata umeme na maji ya mashamba. Baraji ya Bonneville, iliyoanza kazi mwaka 1938, iliwekewa ngazi za maji ili samaki wapande. Lakini ile ya Grand Coulee, iliyomalizika mwaka 1942, haikuwekewa njia yoyote. Samaki waliofika pale waligonga kichwa kwenye ukuta, na sehemu yote ya juu ya mto ikabaki bila samoni.

Na kulikuwa wenyeji wa nchi ile, ambao watu wengi wanawaita Wahindi. Hawa walimheshimu samoni tangu zamani. Kati ya makabila mengi, samoni wa kwanza wa mwaka alipokelewa kama mgeni mkubwa. Walimla pamoja kwa sherehe na mifupa yake wakairudisha mtoni, na fasi nyingi hakuna mtu aliyevua tena mpaka sherehe iishe. Kwenye maporomoko ya Celilo, wanaume walisimama juu ya vitanda vya mbao wakichota samaki kwa nyavu zenye mipini mirefu. Tarehe 10 Machi 1957 baraji ya The Dalles ilifungwa, na kwa saa chache maporomoko yale yakazama chini ya maji. Hayaonekani mpaka leo.

Sasa sikilizeni ajabu. Samaki walipopungua, ni nani aliyekamatwa na polisi? Si mwenye kiwanda wala mwenye ukuta. Ni mwenyeji mwenye wavu mmoja. Mikataba ya miaka ya 1854 na 1855 iliwaahidi wenyeji haki ya kuvua kwenye fasi zao za desturi. Hata hivi, Billy Frank wa kabila la Nisqually alikamatwa kwa mara ya kwanza mwaka 1945, akiwa na miaka 14, kwa sababu ya kuvua katika mto wa babu zake. Baadaye alikamatwa zaidi ya mara 50. Hakuacha. Mwaka 1974 jaji George Boldt aliamua kwamba mikataba bado ina nguvu, na kwamba makabila yale yana haki ya kupata nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa bila kuharibu mbegu. Mwaka 1979 korti kuu ya nchi ilikubali sehemu kubwa ya uamuzi ule. Tangu hapo makabila yanakaa meza moja na serikali kuuchunga mto.

Tena kuna habari njema. Mto Elwha ulifungwa na baraji mbili kwa miaka karibu mia. Kazi ya kuzivunja ilianza mwaka 2011 ikaisha mwaka 2014. Watu wa Elwha walikubali kuacha kuvua mtoni kwa miaka mingi ili samaki waongezeke. Mwaka 2023 waliruhusiwa tena kuvua samoni kidogo kwa ajili ya sherehe na chakula chao. Kwenye mto Klamath pia baraji nne zilivunjwa, na kazi ikaisha mwaka 2024. Katika mto huo huo, mwaka 2002, samoni zaidi ya 30,000 walikufa wakati mmoja, maji yakiwa machache na yenye joto, na ugonjwa ukawaenea. Lakini mwaka ule ule wa 2024, muda mfupi tu kisha kuta kuanguka, samoni walionekana wakipanda fasi ambazo samaki wa jamii yao hawakufika kwa zaidi ya miaka mia. Hakuna aliyewaonyesha njia. Walikuta mlango umefunguliwa, wakaingia.

Hapa wenzetu wa kikundi kingine wanatujibu: "Ile ni mambo ya Marekani. Sisi hatuna samoni, hatuna baraji, tuko na njaa." Ni kweli hatuna samoni. Lakini mto tunao, ule wa bondeni. Na hapa, ndugu, inatupasa kuungama.

Likizo kubwa iliyopita, wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache, baadhi yetu tulishuka mtoni na unga wa kuua wadudu wa mashamba. Tuliutia kwenye maji yaliyotulia juu ya kivuko. Kisha muda mfupi samaki walianza kuelea, tumbo juu. Tulijaza beseni mbili. Wakubwa walikuwa wachache. Wengine wote walikuwa wadogo kama kidole, hata hatukuwachukua, tuliwaacha waoze. Na chini ya kivuko kile wamama wanateka maji ya kupikia. Siku ile hatukuwaza hilo. Tunamshukuru Mungu kwamba hatukusikia mtu amekufa, lakini hiyo si akili yetu, ni rehema yake.

Tangu siku ile, muzee mmoja anayetega migono karibu na kivuko anapata kidogo sana. Mwezi uliopita tulimwendea kumwomba msamaha. Hakutufukuza. Alituuliza tu: "Ninyi watoto ya masomo, munajua kusoma. Kungoja, nani atawafundisha?" Alitueleza kwamba mvua ikianza, kambale wanapanda kwenye majani yaliyofurika kutaga mayai, na kwamba baba yake alimkataza kutega njiani mwao wakati ule. Tulishangaa sana. Maneno ya muzee asiyejua kitabu, na maneno ya prof juu ya samoni, yalikuwa neno moja.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye kosa letu. Tunasema njaa ndiyo iliyotupeleka na sumu. Lakini muzee ana njaa kutupita sisi, na hatii sumu. Njaa inamfundisha kulinda mto, kwa kuwa mto ndio shamba lake. Aliyetia sumu ni yule anayepita tu, anayejua kwamba kesho atakula refektwari. Kule Columbia pia waliomaliza samaki si wale walioishi kwa samaki. Kwa hiyo mtu akisema wavuvi wa kijiji wakamatwe ili samaki waongezeke, tumuulize kwanza kama amemtazama mwenye sumu.

Hata Maandiko yametutangulia. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, kuna sheria juu ya mtu anayekuta kiota njiani: anaweza kuchukua makinda, lakini mama amuache aende. Mungu hakumkataza mtu kula. Alimkataza kumaliza. Yule mvuvi wa Marekani anayetazama pezi, na muzee wetu asiyetega wakati wa mvua, wote wawili wanashika sheria ile, hata kama hawakuisoma.

Basi tunaleta maombi matatu. La kwanza ni kwetu wanafunzi: kuanzia likizo hii, asiwepo mtu wa masomo haya anayetia sumu mtoni, iwe unga wa duka, iwe majani ya kuponda, wala anayevua kwa chandarua cha mbu ambacho kinakomba hata mayai. La pili: mvua zikianza, tuuache mto mpaka muzee na wenzake waseme sasa inatosha. Wao wanajua kuliko sisi. La tatu tunalileta kwa heshima kwa intendanti wetu: tunaomba asinunue tena wale samaki wadogo wanaoletwa jikoni kwa ndoo. Tukila wale tunawalipa wanaoharibu. Afadhali maharagwe siku moja zaidi. Tunajua wenzetu watatukasirikia kwa neno hili, lakini tumeliandika na hatulifuti.

Wahenga walisema akiba haiozi. Samaki akitiwa ndani ya beseni anaoza kesho yake. Akiachwa mtoni azae, haozi.

Kama mtu ana maoni mengine, aandike katika gazeti linalokuja. Tutamjibu bila hasira.

Sisi wanafunzi watano wa kalasi ya tano, interna ya wavulana