Mabwawa saba na taulo zake

Jioni ile mpwa wangu aliingia uani kwetu Likoni, Mombasa, akiwa na wenzake wawili, simu ameitanguliza mbele.

"Shikamoo mjomba. Hebu litazame hili dude."

Ilikuwa picha ya Icon of the Seas, meli ya watalii iliyoanza safari zake Miami tarehe 27 Januari 2024. Ubishi juu yake ulikuwa umepoa, lakini tangu pacha wake, Star of the Seas, aanze kazi Port Canaveral mnamo Agosti 2025, umewaka upya, na vijana wa baraza yetu wamegawanyika. Mmoja wa wale wawili alisema akipata pesa hatanunua kiwanja kwanza, atapanda meli hiyo kwanza. Mwenzake akasema hata apewe bure haingii, kwani zile rangi na mitelezo ya maji iliyorundikwa juu vinamtia kizunguzungu. Kisha wakanigeukia mimi, maana hapa mtaani ndimi niliyekula mshahara wa meli hizi. Walitaka nikate shauri.

Mimi nilikuwa bado nahesabu mabwawa ya kuogelea. Nilisikia kwamba ni saba, na akilini mwangu sikuona maji. Niliona taulo.

Nilikuwa dobi. Kuanzia 2016 hadi 2020 nilifanya kazi katika chumba cha kufulia cha meli ya watalii, ndogo kuliko hii kwa mbali, yenye mabwawa matatu tu. Kila abiria anayetoka majini hujifuta kwa taulo, huiacha kitini, akirudi majini huchukua nyingine. Taulo hizo zilishuka kwetu kwa magunia, zimelowa, nzito kama mchanga. Hapo hujagusa shuka, foronya, vitambaa vya meza wala sare za wapishi. Tulikuwa chini ya usawa wa maji, hakuna dirisha, na mashine za kukaushia zilitoa joto lililofanya shati ligande mgongoni kabla ya saa moja kupita. Bahari tuliijua kwa kuisikia: ikichafuka, magunia yalisogea yenyewe sakafuni.

Kwa hiyo vijana waliponiuliza kama meli ile ni nzuri au mbaya, niliona wote wawili wametazama sehemu moja: juu. Anayesifu anasifu mabwawa, anayekejeli anakejeli mabwawa hayohayo. Wazee walishasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami naomba tuingie.

Ukubwa wake si wa maneno. Ilipoanza kazi ilizishinda meli zote za abiria zilizopata kuundwa: urefu mita 365, sitaha 20, na ujazo wa tani 248,663. Tani hizo si uzito wa chuma, ni kipimo cha nafasi iliyofungwa ndani ya meli. Kwa kipimo cha zamani cha namna hiyo, Titanic ilikuwa na 46,328. Abiria wakilala wawili wawili chumbani, inachukua 5,610. Vitanda vyote vikijaa, wanafika 7,600. Wafanyakazi ni 2,350. Iliundwa Turku, Finland, katika karakana ya Meyer Turku, kwa gharama ya takriban dola bilioni mbili, na Lionel Messi akaitwa Miami kuizindua.

Watu walianza kuigombania kabla haijagusa maji. Kampuni ya Royal Caribbean ilipofungua milango ya kukata tiketi mnamo Oktoba 2022, ilitangaza kwamba haijawahi kuuza nafasi nyingi kiasi kile kwa siku moja tangu ianzishwe. Miezi michache baadaye, katikati ya 2023, mchoro wake ulienea duniani na wengine wakaandika kwamba hilo si jambo la kutamani, ni jinamizi. Pande zote mbili zilikuwa zikitazama meli ileile.

Siwezi kuungana na wanaokejeli. Meli ndiyo iliyoezeka nyumba ya mama yangu, ikamsomesha dada yangu, mama wa huyu mpwa, mpaka akawa muuguzi. Nimeona bibi wa miaka themanini na ushei akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu na wajukuu zake hadi ukingo wa sitaha, akitazama kisiwa ambacho kwa ndege, kwa gari na kwa ngazi za hoteli asingekifikia. Na najua uchungu wa bandari isiyotembelewa. Maharamia walipotanda Bahari ya Hindi, miaka ya 2008 hadi 2012, meli za watalii ziliikwepa Mombasa. Wachonga vinyago na madereva wa kupeleka wageni mbuga ya Tsavo walikaa mikono mitupu. Anayesema meli hizi ni upuuzi mtupu hakuwa pale bandarini Kilindini miaka hiyo.

Lakini siwezi pia kuungana na wanaosifu, kwa sababu kila jambo kubwa lina deni kubwa, na deni la meli hii halijaandikwa kwenye tiketi.

Deni la kwanza liko hewani. Icon inatumia gesi asilia iliyopozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ikawa kimiminika. Kampuni inaisifu gesi hii, na kwa upande mmoja ina haki: haina masizi wala salfa ya mafuta mazito ambayo sisi tuliokuwa tukipanda sitahani kupunga hewa tulirudi nayo kooni. Ila sehemu kubwa ya gesi hiyo ni methani, na si yote inayoungua. Nyingine hupenya injini ikatoka na moshi. Januari 2024, mwezi uleule wa uzinduzi, watafiti wa ICCT, taasisi ya kimataifa ya usafiri safi, walitoa matokeo ya vipimo walivyochukua kwa droni na helikopta juu ya meli zinazotumia gesi. Katika injini za aina inayotumika sana humo, kiasi kinachopenya kilikuwa wastani wa asilimia 6.4, wakati kanuni za Umoja wa Ulaya zinakadiria 3.1. Katika kipindi cha miaka 20, methani hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni dioksidi. Meli haiwezi kuitwa safi kwa sababu tu moshi wake hauonekani.

Deni la pili liko bandarini. Kituo kimojawapo cha Icon katika safari zake za mwanzo kilikuwa Basseterre, mji mkuu wa Saint Kitts na Nevis, wenye wakazi wapatao 14,000. Meli ikijaa abiria na wafanyakazi inabeba karibu watu 10,000. Hebu fikiria mji mzima unageuka uwanja wa kupokea wageni asubuhi, na jioni wageni wote wameondoka. Katika safari hizohizo hupangwa pia siku moja CocoCay, kisiwa cha Bahamas kinachoendeshwa na kampuni yenyewe, ambako hata kinywaji cha kulipia unakinunua kwa mwenye meli. Miji mingine imeanza kusema basi. Venice ilizizuia meli kubwa kupita katikati ya mji kuanzia Agosti 2021. Wakazi wa Key West, Florida, walipiga kura Novemba 2020 kuweka ukomo wa meli na abiria, na mwaka uliofuata bunge la jimbo likaifuta kura yao. Waliosema meli hizi zinawaelemea walikuwa wanaishi kando yake, si watu wenye wivu wa mbali.

Deni la tatu ndilo ninalolijua kwa mwili wangu, na ndilo lisilotajwa kabisa katika ubishi huu. Wale 2,350.

Icon imeandikishwa Bahamas. Kampuni yenye meli makao yake yapo Miami, lakini kisheria imesajiliwa Liberia. Abiria wengi ni Wamarekani, na wafanyakazi wa meli za namna hii hutoka Ufilipino, Indonesia, India, Karibiani, na siku hizi hutoka pia Mombasa. Dobi akidhulumiwa, alalamike wapi? Lipo jibu kwenye karatasi: Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 wa Shirika la Kazi Duniani. Bahamas imeuridhia. Kenya iliuridhia 2014, Tanzania 2019. Marekani, ambako abiria wengi wa meli hizi hupandia, haijauridhia. Mkataba unasema saa za mapumziko zisipungue 10 katika kila saa 24, wala 77 kwa wiki. Unasema pia wakala asimtoze baharia ada ya kumpatia kazi. Gharama halali za kumwangukia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti.

Hayo niliyasoma baadaye. Mwaka 2016 mama yangu aliuza vikuku vyake vya dhahabu nikampelekea wakala mjini pesa za "usajili", naye akanipa risiti isiyo na muhuri. Nilifanya kazi miezi mitatu kabla sijafidia vikuku vile. Na huko melini nilikuwa na daftari dogo nililoandika muda wa kuingia na kutoka kazini. Kila mwisho wa mwezi nililetewa karatasi ya kutia saini inayoonyesha saa 10 kwa siku. Daftari langu lilisema 12, siku nyingine 13. Nilitia saini. Wote tulitia, kwa kuwa mkataba unaofuata ulikuwa mkononi mwa aliyeileta karatasi.

Kisha ikaja Machi 2020 na korona. Abiria wetu walishushwa na kurudishwa makwao. Sisi tulibaki. Bandari zilifungwa, nchi zikafunga anga, na meli yetu ikatia nanga karibu na Bahamas pamoja na nyingine nyingi, usiku zote zimewasha taa kama mji usio na watu. Ili tusiambukizane tulihamishiwa vyumba vya abiria, kila mtu chake. Nilipewa chumba chenye roshani. Alfajiri ya kwanza niliamka kwa mwanga wa jua usoni, nikashtuka, sikujua niko wapi. Nilikuwa katika mwaka wangu wa nne baharini, na ile ndiyo asubuhi ya kwanza kuliona jua likichomoza nikiwa bado kitandani. Nilikaa pale roshani nikalia, na hadi leo sijui kama nililia kwa furaha au kwa hasira. Nilifika Mombasa miezi minne baadaye.

Ndiyo maana nasema meli isipimwe kwa mita. Ipimwe kwa yale inayowalipa na kuwaachia wanaoibeba: wafanyakazi, miji inayoipokea, na hewa tunayovuta sote. Na hayo yanawezekana. Methani ipimwe kwenye bomba la moshi la kila meli na matokeo yatangazwe, badala ya kukadiriwa mezani. Mji ukipiga kura juu ya idadi ya wageni, kura yake iheshimiwe. Mshahara wa mhudumu uwe mshahara kamili, usitegemee bakshishi ya abiria aliyeamka vizuri. Saa za kazi ziandikwe na mashine ambayo msimamizi hawezi kuifuta. Kampuni iliyoweza kutafuta dola bilioni mbili za kuunda meli moja haishindwi kununua saa ya ukutani inayosema kweli.

Na serikali zetu, Kenya na Tanzania, zisijivunie tu idadi ya vijana wanaopelekwa melini. Kila wakala anayewatoza ada akamatwe, leseni yake ifutwe, na pesa zirudishwe. Kuridhia mkataba ni kutia saini. Kuutekeleza ni kuingia katika ofisi za mawakala na kuuliza risiti.

Abiria pia ana la kufanya. Unapokata tiketi, uliza wanaokuhudumia hupumzika saa ngapi. Ukifika, salimia, uliza jina. Na taulo moja inatosha kwa siku.

Wale vijana walinisikiliza mpaka kahawa ikapoa. Kisha mpwa wangu akasema kilichomleta hasa. Ameitwa usaili wa kazi melini, mhudumu wa vyumba, na anaogopa nitamkataza.

Sikumkataza. Nilimuuliza kama kuna aliyemdai pesa. Akasema hapana, nami nikamwambia siku atakapodaiwa aje kwangu kwanza, asiende kwa mama yake. Kisha nikaingia ndani nikatoka na daftari jipya, dogo la kuingia mfukoni, nililokuwa nimemnunulia mtoto wa shule.

"La nini hili, mjomba?"

"La kuandika saa zako. Kila siku, hata ukichoka. Na wakikuletea karatasi utie saini, lifungue hili kwanza."