Mbao nyuma ya sinki: namjibu jirani, namjibu fundi

"Mbao ukutani jikoni? Itaoza kabla ya Ramadhani ijayo." Hilo la jirani nalisikia tangu siku nilipokataa vigae. Jibu ni fupi: ngalawa ni mbao, tena hailali jikoni. Kinachooza ni ubao unaolowa ukakosa nafasi ya kukauka, na hapo mafundi wetu hukosea kwa kujiamini kabisa.

Maana dai la pili ni lao. "Bosi, nikishaipiga rangi ya mafuta koti mbili, maji hayapiti." Hayapiti mbele. Ubao hunywa kwa kichwa, pale ulipokatwa na msumeno, kwa sababu mirija iliyokuwa ikipandisha maji mtini imebaki wazi. Huko maji hupenya kwa kasi mara kumi na zaidi kuliko ubavuni. Mbao zangu za kwanza zilisimamishwa wima, vichwa vikakalia kaunta, rangi ikapakwa baada ya kupigilia. Zilimeta kama sahani. Miezi michache baadaye nilipitisha kidole karibu na bomba: ukingo wa chini umevimba, laini kama andazi lililochovywa kwenye chai, rangi imejikunja, na nyuma yake ukungu mweusi.

Safari ya pili kila ubao ulipakwa praima pande zote, mgongo ukiwemo, vichwa mara tatu, ndipo ukapanda ukutani. Chini tuliacha upenyo wa milimita 3 na kuuziba kwa silikoni. Kupaka kabla ya kufunga kuna faida nyingine: kiangazi ubao ukisinyaa, ulimi wa ubao mmoja unaochungulia kutoka kwenye mfereji wa mwenzake unatoka na rangi yake, si mstari wa mbao tupu.

"Basi nunua mbao za dawa." Hapana. Dawa ya zile za kijani kwa kawaida ina shaba, kromu na aseniki, na kazi yake ni kupambana na mchwa na kuvu kwenye paa na nguzo. Haizuii ubao kunywa maji. Isitoshe aseniki ni sumu, na vumbi lake la msasa silitaki palipo na unga wa chapati. Paini kavu ya Mufindi, isiyo na dawa, inatosha. Anayesema MDF ya kawaida ni ileile, achovye kipande chake kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi tuzungumze.

"Zifike hadi nyuma ya jiko, ipendeze." Hapa nahamia upande wa jirani. Kanuni za gesi za Australia na New Zealand zinataka ukuta unaoweza kuungua ukingwe ukiwa ndani ya milimita 200 kutoka ukingo wa kichomeo. Sasa pima jiko lako la mezani lililosukumwa hadi ukutani, kisha weka juu yake sufuria ya pilau ya wageni ishirini uone moto unavyotapakaa pembeni. Kwangu mbao zinaishia sentimita 30 kabla ya jiko. Kutoka hapo ni vigae juu ya plasta.

Lakini jirani alikuwa na hoja moja nzuri ambayo hakuitoa. Mafuta ya samaki wa kukaanga hutua kwenye mifereji kati ya ubao na ubao, yakachanganyika na vumbi, na kitambaa hakifiki humo. Kila Jumamosi nainama pale na mswaki mkuukuu na maji ya sabuni. Yeye vigae vyake anavifuta mara moja tu, kisha anakuja kuniangalia.